Kilo kwa Kilo: Mabondia Mashuhuri wa Kale na Somo la Kulinganisha Miili

Utangulizi

Miongoni mwa wapenzi wa ndondi lipo swali lisilokwisha: bondia mdogo aliyewashinda wadogo wenzake na bondia mkubwa aliyewashinda wakubwa wenzake, ni yupi aliye bora? Wawili hao hawakupata kukutana ulingoni, wala sheria isingewaruhusu. Hata hivyo watu hawaachi kuwalinganisha. Husema kwamba fulani alikuwa bora “ratili kwa ratili”, au kwa kipimo tulichokizoea sisi, kilo kwa kilo.

Mhudumu wa afya huweza kudhani kwamba mjadala huo haumhusu. Lakini kila siku kazini yeye naye hulinganisha miili isiyolingana. Hukadiria dawa ya mtoto kwa kuiangalia ya mtu mzima, hugawa uzito kwa kimo ili aseme nani amenenepa na nani amekonda, na hupima maji ya dripu kwa kilo. Mara zote hizo anafanya lile lile walifanyalo mashabiki wa ndondi: anachukua kipimo cha mwili na kukigawa kwa ukubwa wake, akitumaini kwamba jibu litakuwa la haki.

Makala hii inatumia mabondia mashuhuri wa Marekani waliotamba kati ya mwaka 1937 na 1952 kufundisha jambo hilo. Baada ya kuisoma, msomaji aweze:
(a) kueleza kwa nini kugawa kwa kilo si lazima kuwe haki;
(b) kutaja mambo ambayo mizani haiyaonyeshi;
(c) kutambua hatari ya kupunguza uzito kwa haraka na ya kushindana kwenye joto;
(d) kutambua dalili za hatari baada ya pigo la kichwa, na dalili zinazochelewa kwa miaka.

Madaraja ya uzito

Mwanzoni mabondia walipambana bila kujali uzito. Mwaka 1909 klabu ya National Sporting Club ya London iliweka madaraja manane, na ndiyo yaliyotawala ndondi za kulipwa katika kipindi tunachokijadili. Mipaka yake kwa kilo ni hii: uzito wa inzi 50.8, wa bantamu 53.5, wa unyoya 57.2, mwepesi 61.2, wa welta 66.7; wa kati 72.6, mzito mwepesi 79.4, na uzito wa juu usio na kikomo. Leo ndondi za kulipwa zina madaraja 17 au zaidi, kwa hiyo hatua ya kutoka daraja moja hadi jingine imekuwa fupi mno.

Lipo jambo jingine la kukumbuka. Wakati ule bondia alipima uzito siku ile ile ya pambano. Tangu miaka ya 1980 desturi imekuwa kupima siku moja kabla, na bondia hupata muda wa kunywa na kula, akapanda ulingoni akiwa na kilo kadhaa zaidi ya zile zilizoandikwa. Hivyo mtu anayewalinganisha bingwa wa welta wa 1946 na wa leo kwa kusoma karatasi za mizani tu, anasoma namba mbili zenye sura moja na maana mbili.

Kugawa kwa kilo: haki au dhuluma?

Tuanze na hesabu nyepesi. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1, kisha mwingine wenye upande wa sentimita 2. Uso wa ule wa pili ni mkubwa mara 4, lakini ujazo wake ni mara 8. Mwili nao hufuata kanuni hiyo kwa kukaribia. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, yaani eneo la mkato wake, ilhali uzito wa mwili hutegemea ujazo. Kwa hiyo mtu aliye na uzito mara mbili ya mwenzake, wakiwa na umbo linalofanana, hatarajiwi kuwa na nguvu mara mbili, bali kama mara 1.6.

Matokeo yake ni haya: ukigawa nguvu kwa kilo, mdogo ataonekana shujaa daima. Anayebeba nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo ni bondia wa uzito wa inzi, na sababu ni jiometria kabla ya kuwa juhudi. Usipogawa kabisa, mkubwa atashinda daima. Kipimo cha haki kiko katikati. Wanamichezo wa kunyanyua vyuma walilitambua hilo zamani, na wanapotaka kulinganisha washindi wa madaraja mbalimbali hutumia kizidishi maalumu badala ya kugawa kilo kwa kilo.

Kliniki hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1957 madaktari Holliday na Segar waliandika kanuni ya mahitaji ya kawaida ya maji kwa siku: mililita 100 kwa kila kilo kwa kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo kwa kilo 10 zinazofuata, na 20 kwa kila kilo inayozidi hapo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 1,000. Mtu wa kilo 70 anahitaji mililita 2,500. Uzito umeongezeka mara 7, maji yameongezeka mara 2.5 tu. Mwenye kugawa kilo kwa kilo angempa mtu mzima lita 7, akamzamisha. Au angeanzia kwa mtu mzima na kumpa mtoto mililita 357, akamkausha. (Ieleweke kwamba kanuni hii ni ya mahitaji ya kawaida, si ya mgonjwa aliyekwisha kupungukiwa maji kwa kuhara au kutapika.)

Waliovuka daraja

Kwa kuwa hesabu peke yake haitoshi, inafaa kuwatazama mabondia waliovuka mipaka ya uzito, maana wao walifanya kwa miili yao jaribio ambalo wengine hulifanya kwa maneno.

Wa kwanza ni Henry Armstrong. Oktoba 1937 alitwaa ubingwa wa uzito wa unyoya. Tarehe 31 Mei 1938 aliruka daraja la mwepesi na kumshinda Barney Ross, bingwa wa welta. Armstrong alikuwa na kilo 60.6 na Ross kilo 64.4. Tarehe 17 Agosti mwaka huo huo alirudi chini na kumshinda Lou Ambers katika uzito mwepesi. Akawa bingwa wa madaraja matatu kwa wakati mmoja, zama ambazo madaraja yalikuwa manane tu. Mwaka 1940 aliujaribu ubingwa wa uzito wa kati dhidi ya Ceferino Garcia, wakatoka sare.

Wa pili ni Sugar Ray Robinson, ambaye usemi wa “ratili kwa ratili” umeshikamana na jina lake kuliko la mtu mwingine yeyote. Tangu alipoanza ndondi za kulipwa Oktoba 1940 hadi Julai 1951 alishindwa mara moja tu. Ilikuwa Detroit, tarehe 5 Februari 1943, dhidi ya Jake LaMotta. Robinson alikuwa na kilo 65.5, LaMotta kilo 72.8. Walikutana mara sita kwa jumla, na Robinson akashinda mara tano, pamoja na lile pambano la Chicago la tarehe 14 Februari 1951 lililompa ubingwa wa uzito wa kati.

Wa tatu ni Ezzard Charles. Alimshinda Archie Moore, mmoja wa mabondia bora kabisa wa uzito mzito mwepesi, mara tatu kati ya 1946 na 1948. Tarehe 27 Septemba 1950, akiwa na kilo 83.7, alimshinda kwa pointi Joe Louis aliyekuwa na kilo 98.9.

Sasa tulinganishe tofauti zenyewe. Armstrong alimwachia Ross karibu kilo 4, yaani asilimia 6 ya uzito wa Ross. Robinson alimwachia LaMotta kilo 7.3, sawa na asilimia 10. Charles alimwachia Louis kilo 15.2, sawa na asilimia 15. Kwa namba hizi Charles ndiye aliyepanda mlima mrefu zaidi. Lakini subiri, msomaji. Louis alikuwa na umri wa miaka 36, alikwisha kustaafu, na alirudi ulingoni baada ya miaka miwili. Charles alikuwa na miaka 29. Ross wa 1938 naye alikuwa mwishoni mwa safari yake. Pambano lile na Armstrong ndilo lililokuwa la mwisho kwake. Katika lugha ya utafiti, umri hapa ni kikanganyishi: kitu cha tatu kinachojificha nyuma ya vile viwili tunavyovilinganisha, kikaifanya sababu isiyo sababu ionekane ndiyo.

Ni nani, basi, aliye bora? Jibu hutegemea swali linalogawa. Tukiuliza ni nani aliyeweza zaidi kuvuka madaraja na bado akawa bingwa, Armstrong hana mpinzani. Tukiuliza ni nani aliyekamilika zaidi katika uzito wake wa asili, Robinson hana wa kumfikia, kwani hata pigo lake la pekee katika miaka kumi lilitoka kwa mtu aliyemzidi kilo 7. Tukiuliza ni nani aliyeweza kuishi miongoni mwa wakubwa bila kuwa mkubwa, ni Charles. Hayo ni maswali matatu, na kosa huanza pale mtu anapotaka jibu moja kwa yote matatu. Mhudumu anayejiuliza “mtoto huyu ana uzito wa kutosha?” hana budi naye aseme kwanza: wa kutosha kwa umri wake, au kwa urefu wake? Mtoto aliyedumaa kwa miezi mingi na mtoto aliyekondeana ndani ya wiki mbili wanaweza kusoma namba ile ile kwenye mizani, na matibabu yao yakawa mbali mbali.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake katika jambo hili. Katika mashindano ya Olimpiki ilikuwako tuzo ya Val Barker, iliyotolewa kwa bondia mwenye ustadi kuliko wote bila kujali daraja la uzito. Mwaka 1968 huko Mexico, tuzo hiyo alipewa Philip Waruinge wa Kenya, bondia wa uzito wa unyoya, ingawa katika daraja lake alipata nishani ya shaba. Majaji waliona kitu ambacho matokeo hayakukionyesha.

Yasiyoonekana kwenye mizani

Uzito sawa haumaanishi mwili sawa. Willie Pep na Sandy Saddler walikutana mara nne katika uzito wa unyoya kati ya 1948 na 1951. Wote wawili waliitosheleza mizani ile ile ya kilo 57.2. Lakini Pep alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na bingwa wa kukwepa; Saddler alikuwa mrefu zaidi, mwenye mikono mirefu na ngumi nzito. Saddler alishinda mara tatu kati ya nne. Mizani iliwaita sawa, ulingo haukuwaita hivyo.

Joe Louis anatupa mfano wa pili. Tarehe 22 Juni 1938 alimwangusha Max Schmeling katika raundi ya kwanza, akiwa na uzito wa karibu kilo 90 na kimo cha karibu sentimita 188. Ukigawa kilo hizo kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa chenyewe, utapata zaidi kidogo ya 25, yaani mwanzo wa daraja la uzito uliozidi. Hakuna aliyemwona usiku ule ambaye angemshauri apunguze mwili. Kipimo hicho hakitofautishi msuli na mafuta. Ni kizuri kwa kutazama jamii nzima, na ni msaada kwa mgonjwa mmoja, mradi tumtazame na yeye mwenyewe, tupime kiuno chake, shinikizo lake la damu na sukari yake.

Kukausha mwili, na joto

Kwa kuwa kila daraja lina kikomo, bondia huvutwa kushindana katika daraja la chini ya mwili wake ili akutane na wadogo. Njia ya haraka ya kufika huko ni kukausha mwili: kuacha kunywa, kukimbia akiwa amevaa nguo nzito au za plastiki, kukaa kwenye chumba cha mvuke, kutumia dawa za kukojosha. Kilo zinazoondoka kwa njia hiyo ni za maji. Damu hupungua, moyo hukimbia ili kufidia, jasho hukauka na mwili hushindwa kujipoza, figo huumia, akili hupungua wepesi. Bondia huyo ameshinda mizani kabla ya kushindwa na mwili wake.

Hatari ya joto ilionekana wazi tarehe 25 Juni 1952 katika uwanja wa Yankee Stadium, New York. Robinson, mwenye kilo 71.4, alikuwa akiutafuta ubingwa wa uzito mzito mwepesi dhidi ya Joey Maxim mwenye kilo 78.5. Joto chini ya taa za ulingo lilitajwa kufikia nyuzi 40 za sentigredi. Mwamuzi Ruby Goldstein alizidiwa, akabadilishwa baada ya raundi ya 10. Robinson aliendelea kuongoza kwa pointi, akicheza kwa kasi yake ya kawaida huku Maxim akitumia nguvu kwa uchache. Katika raundi ya 13 Robinson aliyumba, akarusha ngumi hewani na kuanguka. Hakuweza kutoka kwenye kona yake kwa raundi ya 14. Lilikuwa ndilo pambano pekee la maisha yake ambalo hakulimaliza.

Msuli unaofanya kazi hugeuza sehemu kubwa ya nishati yake kuwa joto. Anayefanya kazi zaidi huzalisha joto zaidi, na jasho lisipoweza kukauka kwenye ngozi, joto hilo hubaki ndani. Pointi alizozipata Robinson alizilipia kwa joto. Somo hili linawafaa pia wakulima, mafundi ujenzi, askari na wakimbiaji. Mtu aliyefanya kazi juani kisha akaanza kuchanganyikiwa, kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuzirai, achukuliwe kuwa amepatwa na kiharusi cha joto hata kama bado anatoka jasho. Mvue nguo za nje, mwagie maji ya baridi au mtumbukize ndani yake, mpepee, na umpoze kwanza huku usafiri ukitafutwa. Asinyweshwe kitu ikiwa fahamu zake si kamili.

Ubongo hauna daraja la uzito

Tumefika kwenye kiini cha somo hili. Msuli hukua kwa mwili, lakini ubongo wa mtu mzima haufuati mizani. Ubongo wa mwanamume una uzito wa karibu kilo 1.3 hadi 1.4, awe bondia wa inzi au wa uzito wa juu. Tofauti zilizopo ni ndogo kulinganisha na tofauti za miili. Ngumi ndiyo inayokua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 juu ya mabondia 7 wa kiwango cha Olimpiki, kuanzia uzito wa inzi hadi wa juu kabisa, ulipata wastani wa nguvu ya pigo wa karibu nyutoni 3,400. Mabondia wazito walipiga kwa nguvu zaidi, na sababu kuu haikuwa kasi ya mkono bali uzito ulio nyuma ya ngumi.

Isidhaniwe kwamba wadogo wako salama. Tarehe 24 Juni 1947 huko Cleveland, Robinson alimwangusha Jimmy Doyle katika pambano la ubingwa wa welta. Doyle alifariki siku iliyofuata. Mwaka uliotangulia Doyle alikuwa amekwisha kuangushwa vibaya katika pambano jingine. Februari 1948 Sam Baroudi alifariki baada ya kupigana na Ezzard Charles. Na mwaka 1994 Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya uzito wa welta katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas siku mbili baada ya pambano.

Kifo cha namna hii mara nyingi hutokana na damu kuvuja chini ya utando mgumu wa ubongo. Kichwa kinapozungushwa ghafla na pigo, fuvu hutangulia na ubongo hubaki nyuma; vena ndogo zinazounganisha ubongo na utando hukatika. Damu hujikusanya taratibu au upesi na kuukandamiza ubongo. Glovu hulinda mkono wa mpigaji kuliko ubongo wa mpigwaji, na kofia ya ulingoni huzuia michubuko ya uso bila kuzuia mzunguko huo.

Madhara ya pili huja kwa miaka. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza hali ya mabondia wanaotembea kama walevi, wakisema kwa kukokota maneno. Mwaka 1969 daktari Roberts wa Uingereza alitoa matokeo ya uchunguzi wa mabondia wastaafu 224. 37 kati yao, sawa na asilimia 17, walikuwa na dalili za ubongo kuharibika, na hatari iliongezeka kwa wale waliopigana muda mrefu na mara nyingi. Baadaye ilionekana kwamba katika ubongo wa baadhi ya watu wa namna hiyo hujikusanya protini iitwayo tau kwa mpangilio wa pekee.

Hapo tunapata kigawanyo kingine kabisa: idadi ya mapigo. Mhudumu wa afya anaijua dhana ya dozi inayojilimbikiza, kama ya mionzi au ya moshi wa sigara. Pep alipigana mapambano 241. Robinson alipigana karibu 200. Floyd Mayweather wa zama zetu alistaafu akiwa na 50. Na hesabu hiyo haijagusa mazoezi, ambako ngumi huwa nyingi kuliko za mashindanoni. Uzeeni Armstrong, Robinson, Pep na Saddler wote walipoteza kumbukumbu. Charles alifariki mwaka 1975 kwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Hatuwezi kusema juu ya mtu mmoja mmoja kwamba ndondi ndizo zilizomfikisha huko, kwani magonjwa hayo huwapata pia wasiowahi kuvaa glovu. Lakini wanne kati yao walitoka madaraja ya kilo 57 hadi 72, si ya wazito.

Ushauri kwa wahudumu, wagonjwa na familia

Mtu aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu, akachanganyikiwa au akasahau kilichotokea, aache mchezo siku hiyo, hata akisema amepona. Mdharau mwiba mguu huota tende. Pigo la pili kabla ubongo haujapona huweza kuleta madhara makubwa kuliko la kwanza. Apumzike siku moja au mbili, kisha arudi kwenye shughuli hatua kwa hatua, na ulingoni arudi kwa idhini ya mganga. Asipewe aspirini.

Apelekwe hospitali bila kuchelewa akiwa na mojawapo ya dalili hizi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usio wa kawaida, mboni za macho zisizolingana, udhaifu wa mkono au mguu, maneno yasiyoeleweka, au majimaji meupe yanayotoka puani au sikioni. Kwa saa 24 za kwanza asiachwe peke yake.

Bondia wa zamani akiletwa kwa kusahau, hasira za ghafla, huzuni, mikono kutetemeka au mwendo wa kuyumba, familia isikubali aitwe mlevi kabla ya kuchunguzwa. Mhudumu amuulize alipigana miaka mingapi, mara ngapi, na aliangushwa mara ngapi. Kisha atafute yanayotibika: damu iliyokusanyika taratibu kichwani, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende, maambukizi ya VVU, sonona, na pombe. Kumpa mtu jina la ugonjwa usiotibika kabla ya kuyatafuta hayo ni kumnyima haki yake.

Na bondia anayejiandaa, apunguze uzito kwa wiki nyingi kupitia chakula na mazoezi, si kwa siku mbili kupitia kiu. Akiona hawezi kuufikia uzito wa daraja bila kukausha mwili, basi daraja hilo si lake.

Muhtasari

Kugawa kwa kilo ni chombo, na kila chombo kina kazi yake. Nguvu haikui sambamba na uzito. Maji ya mwili pia hayakui hivyo. Uzito mmoja huweza kuficha miili miwili. Umri na uchovu hujificha nyuma ya matokeo. Ubongo ni karibu sawa kwa wote, na hugawanywa kwa idadi ya mapigo, si kwa kilo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kanuni ya Holliday na Segar, mtoto wa kilo 20 anahitaji maji kiasi gani kwa siku? Linganisha jibu lako na mahitaji ya mtoto wa kilo 10, kisha eleza kwa nini si mara mbili.
2. Taja kikanganyishi kimoja katika pambano la Charles na Louis, na kingine katika utafiti au takwimu za kituo chako.
3. Bondia wa kilo 60 anataka kushindana katika daraja la kilo 57.2 baada ya siku tatu. Utamwambia nini?
4. Mzee aliyekuwa bondia kwa miaka 12 anasahau majina ya wajukuu. Orodhesha maswali matano utakayomuuliza yeye au familia yake, na vipimo vitatu utakavyoagiza kwanza.